Duka Likitoweka kwenye Ramani: La Kufanya Kabla ya Kukata Rufaa

Ndugu wafanyabiashara, mafundi, na akina mama mnaofanyia kazi majumbani, habari za jioni. Najua wengine mmefunga fremu mapema ili mfike hapa, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Tunazungumzia wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaomwonyesha mteja jina la duka, ramani, namba ya simu na maoni ya watu. Unafungua simu asubuhi, unakuta ujumbe kwamba umesimamishwa. Wapo wanaokuta duka bado linaonekana ila hawawezi tena kulisimamia wala kujibu maoni. Wapo wanaokuta limefutika kabisa, mteja akitafuta hapati kitu. Kwa fundi anayepata wateja wake kwa watu kutafuta "fundi friji karibu nami", hiyo ni riziki imekatika, na naelewa kwa nini mtu huchanganyikiwa.

Katika kuchanganyikiwa huko watu hufanya mambo mawili yanayowaumiza zaidi. La kwanza, wanafungua wasifu mpya palepale. Usifanye hivyo. Kanuni inataka wasifu mmoja kwa biashara moja mahali pamoja. Ukifungua wa pili umeongeza kosa juu ya kosa, na maoni uliyoyakusanya kwa miaka yamebaki kwenye ule wa kwanza. La pili, wanawalipa vishoka wanaodai wana mtu wao ndani ya Google. Kukata rufaa ni bure, na anayekata ni wewe mwenye biashara.

Sasa, kwa nini wanafungia? Sitawadanganya kwamba kila anayefungiwa ana kosa. Mifumo inakagua yenyewe, na wasio na hatia nao hunaswa. Lakini ninapokaa na mtu tukafungua wasifu wake, mara nyingi sana tunakuta kwamba wasifu unasema jambo moja, ubao wa dukani unasema jingine, na leseni inasema la tatu. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kuandika neno lolote la malalamiko.

Tuchukue fundi simu pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Juu ya mlango ameandika jina la duka, basi. Kwenye wasifu kaongeza "fundi simu bei nafuu Kariakoo vioo original". Alishauriwa kwamba maneno hayo yatampandisha juu, na kwa muda kweli yanaweza kumpandisha. Lakini Google wanataka jina lile lile linalojulikana kwa watu, lililo kwenye ubao na kwenye karatasi zako. Maneno ya huduma yana sehemu yake, kwenye aina ya biashara na orodha ya huduma. Akitaka kurudi, ayatoe kwanza kwenye jina, ndipo akate rufaa. Akikata rufaa huku jina bado limejazwa maneno, anampa mkaguzi sababu ya kumkatalia.

Anwani ndiyo inayotusumbua zaidi sisi wa hapa. Tumezoea S.L.P.; iko kwenye barua, kwenye mihuri, hata kwenye vyeti vyetu. Google hawakubali sanduku la posta kuwa anwani ya biashara, wala ofisi ya kukodi jina tu ambayo hakuna mtu wako anayekaa. Wanataka mahali mteja anapoweza kufika. Nashukuru kwamba ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilitupa majina ya mitaa na namba za nyumba. Tazama kibao kilichopigwa kwenye jengo lako, tumia namba ile, kisha hakikisha alama ya ramani imekaa juu ya mlango wako, isiwe upande wa pili wa barabara.

Kwa ninyi mnaofanyia kazi nyumbani, keki, ushonaji, kufuata wateja majumbani: kama mteja haji kwako, ficha anwani. Ondoa anwani, weka maeneo unayohudumia. Yanaruhusiwa hadi 20. Kinondoni, Ubungo, Temeke, andika yale unayofika kweli. Na asiyekutana na mteja ana kwa ana hata kidogo, anayeuzia mtandaoni tu, huyo hastahili wasifu huu tangu mwanzo; rufaa haitamsaidia, atafute njia nyingine ya kujitangaza.

Mkishasawazisha hayo, kusanyeni vielelezo. Wanachoomba ni cheti cha usajili, leseni ya biashara, cheti cha mlipakodi, au bili ya huduma kama umeme, maji, simu au intaneti. Kwetu maana yake ni cheti cha usajili cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, leseni ya halmashauri na cheti cha TIN, yaani namba ya mlipakodi. Bili ndiyo ngumu: umeme wa LUKU unanunua kabla ya kutumia, haikuletei bili ya mwezi, na mita yenyewe mara nyingi iko kwa jina la mwenye nyumba. Kwa hiyo leseni ndiyo ngao yenu. Soma jina lake herufi kwa herufi. Kama leseni inataja fremu uliyohama, nenda halmashauri ukarekebishe kwanza, hata kama duka litakaa nje ya ramani wiki kadhaa zaidi.

Piga picha za vyeti mchana, pembe zote nne zionekane, ziwe tayari kwenye simu kabla hujaanza. Nasisitiza hili kwa sababu fomu ya kuambatisha vielelezo ina muda: ni dakika 60, zikipita rufaa inasomwa bila karatasi zako. Nimeona watu wanaanza kujaza wakiwa dukani huku leseni iko nyumbani Mbagala. Na maelezo yawe mafupi, bila hasira: biashara ni hii, iko hapa, nimerekebisha jina, vyeti ni hivi.

Wakikataa mara ya kwanza, soma sababu waliyotaja, uombe ipitiwe tena ukiwa na kielelezo kipya. Kurudisha karatasi zile zile hakubadilishi kitu. Wakikurudisha, huenda wakataka uthibitishe kwa video: anza barabarani majirani waonekane, pita kwenye ubao, fungua kufuli kwa mkono wako, ingia hadi kaunta na mashine ya risiti ya EFD. Isikatwe katikati, na usionyeshe sura za wateja wala namba za benki.

Bado jambo moja, nalo linanikera kweli. Wengi wenu wasifu ulifunguliwa na kijana wa mtandao kwa barua pepe yake mwenyewe. Akaunti yake ikifungiwa kwa sababu ya duka la mtu mwingine, la kwako nalo linaweza kuanguka, na wewe huna hata pa kukatia rufaa. Mmiliki mkuu lazima awe wewe. Yeye abaki meneja. Toeni simu sasa hivi, fungueni wasifu, ingieni sehemu ya watu wenye ruhusa. Asiyeona jina lake pale kama mmiliki mkuu anyooshe mkono, nitapita nilipomwona tumtumie kijana wake ombi la umiliki kabla hatujaondoka.