Mtoto akiogopa kukwambia, tapeli ameshashinda: mhadhara kwa wazazi kuhusu simu na mitandao

Wazazi wenzangu, walezi, walimu, bibi zangu mliokaa pale nyuma, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wote habari za asubuhi. Nimefurahi kuwaona akina baba wengi leo, maana vikao hivi tumezoea kukaa na akina mama tu, na hili jambo akina baba linawahusu sana, mtaona hapo mbele kwa nini.

Kuna kitu wengi wetu tunajisifia, "mi mwanangu sijampa simu". Sawa. Lakini ukirudi kazini hujavua hata viatu simu ishachukuliwa, paswedi anaijua kuliko baba yake, yuko TikTok ya mama, akitoka hapo yuko WhatsApp ya mama. Sasa sikilizeni vizuri. Mitandao mingi mikubwa umri wa kuanza ni miaka 13, na mtoto aliyeandika umri wake wa kweli anawekewa vizuizi, mfano TikTok aliye chini ya miaka 16 hatumiwi meseji za inboksi kabisa. Huyu wa kwako yuko kwenye akaunti ya mtu mzima wa miaka 38. Mtambo hauoni mtoto wa darasa la nne, unaona mama mtu mzima, kwa hiyo unamletea vya watu wazima na watu wasiomjua wanaweza kumwandikia. Vile vizuizi vyote vinampita pembeni.

Wenzetu Australia walipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kazi tarehe 10 Desemba 2025, aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye Facebook, Instagram, TikTok na mingine, na faini anapigwa mwenye kampuni, inafika dola za kwao milioni 49.5, mzazi haguswi. Nawaunga mkono asilimia mia, kampuni zibanwe. Ila hata ingekuja hapa kesho asubuhi, yule wa simu ya mama isingemkuta.

Mwaka 2022 UNICEF, INTERPOL na ECPAT, shirika linalopinga unyonyaji wa kingono wa watoto, walitoa ripoti yao kuhusu Tanzania, wakasema kwa makadirio watoto kama 200,000 wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa unyanyasaji mkubwa wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja. Laki mbili. Hao ni watoto wanaokaa kwenye nyumba kama za kwetu, na wengi hawamwambii mtu.

Ngoja niwaonyeshe inavyokwenda, nichukue kijana wa kiume kwasababu tunadhani wa kiume yuko salama. Yuko form two. Anaombwa urafiki na binti mzuri wa picha, anaangalia anaona wana marafiki wengi wa shule moja, kumbe hao wenzake nao wameombwa vilevile wakakubali. "Mambo." "Poa." "Unasoma wapi?" Siku ya pili, "tuhamie WhatsApp huku inasumbua". Usiku binti anatuma picha yupo uchi, ambayo wala sio yake, kisha, "na wewe tuma, au huniamini?" Kijana anatuma. Dakika chache tu lugha inabadilika, hakuna tena binti, anatumiwa skrinshoti ya orodha ya marafiki zake wote na jina la mama yake limezungushiwa duara jekundu, "tuma elfu hamsini sasa hivi la sivyo nawatumia wote". Mtoto ana elfu tatu. Anatuma elfu tatu. Anaambiwa ongeza. Baada ya hapo ndo mama unaanza kuona hela ya M-Pesa inapungua na unamfukuza dada wa kazi bure.

Kwa mabinti mara nyingi inakuwa tofauti kidogo, anakuwa mtu anayemfahamu, boifrendi, jirani, hata ndugu, na anachotaka ni picha zaidi au "njoo tuonane" kuliko hela.

Sasa jiulizeni, yule tapeli ana nini mkononi? Ana picha, ndiyo, lakini picha peke yake haimtoi mtoto hela. Kinachomfanya mtoto alipe, aibe, akubali kwenda kuonana na mtu gesti, ni sentensi moja, "baba akijua ataniua". Tapeli anaijua hiyo sentensi, anaitegemea, anakula kupitia hiyo. Na mtoto ameitoa wapi? Ilivuja koneksheni, yaani video ya uchi, ya msichana fulani, mkawa mezani, baba ukasema "angekuwa wangu ningemkata miguu". Mtoto alikuwa amekaa pale anakula ugali. Amesikia. Hukuwa unamsema yeye lakini umeshamjibu swali ambalo siku moja angetaka kukuuliza.

Kwa hiyo kabla ya programu yoyote ya kumchunga, nyumbani litamkwe neno hili mapema, wakati hakuna tatizo: hata kama ulituma picha mwenyewe, hata kama uliingia mahali nilipokukataza, njoo, sitakupiga, tutaanza kwanza na huyo mtu. Akija, timiza. Usimhoji usiku kucha kwa nini alituma, na usimwache peke yake siku hiyo, nasema hili kwa uzito, kuna nchi watoto wamejiua ndani ya saa chache kwa vitisho vya aina hii. Msitume hela, ukilipa anajua unalipika. Msifute chati kwa hasira, chukueni skrinshoti za jina, namba yake, vitisho, na namba aliyotaka itumiwe hela, halafu ndo mumbloki. Pigeni 116, ni bure, ni simu ya huduma kwa mtoto, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ni ya kituo kimoja cha Marekani, inaitengenezea picha alama maalumu bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yako, na Facebook, Instagram na TikTok wakiikuta alama hiyo wanaiondoa. Kwa WhatsApp haifanyi kazi, hilo mlijue.

Na tukiwa hapohapo WhatsApp, hili linaniuma sana. Video ya mtoto wa shule inavuja, mtu mzima anaiingiza kwenye grupu la ukoo, "jamani oneni watoto wa siku hizi, dunia imeisha", na emoji za kulia. Wewe unayelia umeisambaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha chafu za mtoto, haijaandika kwamba ukiweka emoji ya kulia umesamehewa. Na yule mtoto mwenyewe anasoma, ana shangazi, na shangazi yumo kwenye grupu kama hilo. Ikikufikia usiisogeze popote, mwambie aliyeituma aache, toa taarifa.

Mengine nitapita haraka. Simu isilale chumbani kwa mtoto, ilale sebuleni, na ya kwako pia. Picha ya mtoto na yunifomu yenye jina la shule usiiposti. Mtoto aliyefikisha miaka 13 atumie akaunti yake yenye umri wake wa kweli, sio ya kwako.

Haya, toeni simu zenu sasa hivi tufanye wote. Kwanza andikeni 116 mhifadhi. Halafu fungueni WhatsApp, mipangilio, faragha, tafuteni sehemu ya makundi, pale panaposema kila mtu anaweza kukuunga wekeni wale uliowahifadhi tu. Mama wa kitenge cha bluu, nakuja tuanze na ya kwako.