Nyasi za kijani mwezi wa kumi

DADA: Haya wasikilizaji mambo vipi, karibuni tena, tupo Dodoma na jua linawaka kama limetumwa, leo tunaongelea ziara za wanachuo, ila sio wale wa kilimo wala jiolojia, ni watu wa fasihi. Ticha, mtu anasoma mashairi na riwaya, basi la nini?

TICHA: (anacheka) Hilo swali mhasibu wa chuo aliniuliza, dada yangu, tena kwa maandishi.

DADA: Ukamjibu nini?

TICHA: Nikamwonyesha insha. Mwaka juzi ndo naanza kufundisha fasihi na mazingira, nikawaambia vijana waelezee sehemu yoyote wanayopita wakija darasani, ilikuwa mwezi wa kumi, na Dodoma ya mwezi wa kumi unaijua. Kijana mmoja kaandika nyasi za kijani kibichi zimetandaa kama zulia, ndege wanaimba kwa sauti nyororo.

DADA: Dodoma hii?

TICHA: Hii hii! Mvua ya mwisho mwezi wa nne, ng'ombe wanatafuna maboksi. Na sio kwamba ni muongo, anaandika alichofundishwa toka darasa la tano, kwamba mandhari lazima iwe ya kuvutia, yani macho yamejaa insha za watu wengine hayana nafasi ya kuona kitu. Nikasema hawa lazima watoke.

DADA: Mkaenda Kolo, kwenye michoro ya kale ya miambani.

TICHA: Kolo, Kondoa huko, kama kilomita 180 kwa barabara ya Babati. Tulipanga kutoka saa kumi na moja alfajiri, basi likaja saa mbili, dereva anasema alikuwa anatafuta tairi, kwa hiyo tumefika jua la utosi. Unapita ofisi ya Mambo ya Kale, unapewa mwongozaji, mnapanda mlima, na kuna mtu alikuja na ndala zikakatika katikati ya njia.

DADA: Ndala mlimani jamani.

TICHA: Ila ukifika juu unanyamaza. Michoro myekundu, twiga, tembo, pofu, watu wembamba warefuuu wana vichwa vya ajabu, halafu kuna ile myeupe ambayo ni ya baadaye. UNESCO waliiweka kwenye Urithi wa Dunia 2006. Na pale Mungumi, moja ya miamba yenye michoro, wazee wa Kirangi bado wanaenda kutambikia mvua, so ukiingia kama unaingia makumbusho umeshakosea. Sasa vijana wangu wakatoa simu, selfi juu ya selfi. Nikasema simu kwenye begi, kila mtu akae peke yake nusu saa aandike, na ni marufuku neno "zuri" na marufuku neno "kama".

DADA: Unawakataza tashbihi, yani kufananisha vitu, watu wa fasihi! Si umemnyang'anya fundi nyundo.

TICHA: Walilalamika balaa. Ila jioni tunashuka tukapita mtoni, mto wenyewe mchanga mtupu, mtu akaandika: mto hauna maji, mama kachimba shimo, anachota kwa kata, anasubiri, anachota tena. Basi. Mimi nikasema huyu kaona.

DADA: Na yale makorongo ya mmomonyoko wa udongo huko Kondoa?

TICHA: Hapo ndo penyewe. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mkali mpaka serikali ikaanzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, 1973, halafu 1979 ikaamriwa mifugo itoke kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote. Ukisoma ripoti ni hadithi ya ushindi, miti imerudi, na kweli imerudi, tumeiona. Sasa kwenye basi kuna binti wa hukohuko, siku nzima kimya, akasema babu yake mpaka leo anawataja wale ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja.

DADA: Mmh.

TICHA: Maziwa yameondoka, samadi imeondoka, mahari ya vijana wake imeondoka. Basi zima kimya. Nikamwambia andika, akasema ticha kwa Kiswahili haitoki. Nikamwambia andika Kirangi.

DADA: Wewe Kirangi unakijua?

TICHA: Hata salamu sijui! Alikuja ofisini akawa anasoma mstari ananitafsiria. Nikampa alama, idara wakaniita kuniuliza alama za nini.

DADA: Mi nina dukuduku hapo. Mnashusha watu arobaini kwenye kijiji cha watu, mnabeba masimulizi, mnapanda basi. Yule mzee anabaki na nini?

TICHA: Umenishika pabaya. Mwanzo tulikuwa tunabeba tu, sikatai. Sasa hivi tunapiga simu kijijini kwanza, na kilichoandikwa tunarudi kukisoma mbele yao. Mara ya kwanza wazee walicheka mpaka machozi, wanafunzi kila mti wenye miiba wameuita mgunga, ikabidi warudishwe porini kujifunza majina upya.

DADA: Na chuo kisicho na hela ya basi?

TICHA: Panda daladala nenda bwawa la Hombolo. Au usiende popote, Dodoma yenyewe jina lake wanasimulia ni tembo alididimia kwenye matope Wagogo wakasema idodomya, yani amedidimia. Mwambie mwanafunzi atafute hayo matope yako wapi leo, hiyo ni wiki nzima ya kutembea.

DADA: Safari nyingine lini?

TICHA: Mwezi wa kwanza mwishoni, mvua zikiwa zimekolea.

DADA: Basi nyasi za kijani zitakuwepo.

TICHA: Zitakuwepo, na yule kijana wa zulia nimemwomba aje. Ndo huyohuyo wa ndala.