Mgongo unauma mpaka mguuni? Lala kifudifudi kwanza tuone

Haya wadau mambo vipi, wakubwa zangu shikamooni, karibuni tena. Huu mkeka mnaouona nimeuazima kwa bibi hapa jirani na kasema anautaka kabla ya saa kumi, kwa hiyo twende moja kwa moja. Leo ni mgongo, yaani kiuno, hapa juu kidogo ya makalio, na hasa yale maumivu yanayoshuka upande mmoja, yanaingia takoni, yanapita nyuma ya paja, wengine mpaka kwenye kigimbi na wengine mpaka vidoleni. Vijana wa bodaboda meseji zenu nimeziona zote, madereva wa daladala na nyie, kina mama wa kufua na nyie, leo ni zamu yenu.

Ila kabla hujalala chini nisikilize hapa, na hapa usiruke. Kama mkojo umegoma kutoka, au unatoka bila wewe kujua, au choo hivyo hivyo, au ile sehemu yako inayogusa siti ya pikipiki imekufa ganzi, au miguu yote miwili inalegea, zima hii video nenda hospitali leo, sio kesho. Kama mgongo umeanza baada ya ajali au kuanguka, au una homa, unakonda bila sababu, usiku unatoa jasho mpaka shuka linalowa, nenda ukapimwe kwanza, maana TB inaingia mpaka kwenye pingili za uti wa mgongo na hakuna zoezi la kuitoa pale. Mama mjamzito hili la leo la kulalia tumbo sio lako, tutakuwa na la kwako.

Halafu kuna hii ya "ni figo hizi". Jamani figo ziko juu huku, chini ya mbavu za nyuma, haziko kwenye mstari wa mkanda wa suruali. Kupima mkojo pima, sikukatazi, lakini maumivu ya figo mara nyingi hayajali umekaa au umelala, wakati haya ya kiuno ukiinama yanakasirika, ukijigeuza kitandani unatoa sauti. Nilishampata dada mmoja kameza dawa za UTI dozi tatu, kumbe tatizo ni beseni, kila Jumamosi masaa matatu mazima kajikunja anafua.

Sasa kinachotokea ni nini. Kati ya pingili na pingili kuna diski, ichukulie kama ngata, ile anayoiweka mama kichwani kabla hajajitwika ndoo, ila ngata hii katikati ina kitu kama uji mzito. Ukikaa umejikunja kuja mbele masaa na masaa, upande wa mbele unabanwa, uji unasukumwa kwenda nyuma, na huko nyuma ndiko mishipa ya fahamu inapita. Mshipa ukiguswa pale kiunoni wewe unasikia mguu unawaka moto, na mguu wenyewe maskini hauna kosa lolote, unauchua mafuta mwezi mzima bure.

Na ukishapigwa MRI, ile mashine ya kupiga picha ya ndani ya mwili, ukaambiwa diski imevimba usianze kuandika wosia. Mwaka 1994 huko Marekani walipigwa MRI watu 98 ambao mgongo hauwaumi kabisa, zaidi ya nusu wakakutwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja. Picha peke yake haisemi yote, mimi naangalia zaidi maumivu yanaelekea wapi ukijisogeza, na hilo ndilo somo lenyewe la leo.

Aliyetufundisha hili ni fiziotherapia wa New Zealand, Robin McKenzie, na alilipata kwa bahati tu. Mwaka 1956 alikuwa na mgonjwa ambaye mguu wake uligoma kupona wiki kadhaa, akamwambia ingia ndani ulale kifudifudi nakuja, kumbe kitanda upande wa kichwa kilikuwa kimeachwa kimenyanyuliwa, yule bwana akalala vile vile, mgongo umepinda kwenda nyuma. McKenzie anarudi anamkuta hivyo, moyo ukamruka, maana enzi hizo mkao ule walikuwa wanaukataza, mgonjwa anamwambia mbona mguu umeacha kuuma.

Haya, tuanze. Simama, tafuta maumivu yanaishia wapi kwa chini. Goti? Nusu ya kigimbi? Chukua peni chora kamstari kwenye ngozi pale pale yanapoishia. Ndio, chora kweli, usinicheke, dakika kumi zijazo utahitaji kujua yamehama au hayajahama na kichwa cha mtu mwenye maumivu kinasahau.

Sasa lala kifudifudi kwenye mkeka, godoro laini hapana, linakumeza kiuno. Mikono pembeni, uso geuzia upande mmoja. Usifanye kitu. Pumua, acha tumbo na makalio vilegee, dakika mbili mpaka tatu. Mimi hapa mnaniona makalio nimeyaachia, wengi mnayakaza bila kujijua, weka mkono uyaguse, yakiwa magumu kama embe bichi bado hujalegea.

Ya pili, jiinue ulalie viwiko, kama mtoto anaangalia katuni sakafuni. Viwiko chini ya mabega, tumbo limebaki chini. Dakika mbili tatu tena. Hapa kiuno kitaanza kulalamika kidogo, kiache kilalamike, wewe sikiliza mguu.

Ya tatu ndiyo yenyewe. Viganja chini karibu na mabega, sukuma, nyoosha mikono, kifua kinapanda LAKINI kiuno na mapaja vinabaki chini vimelegea. Sio pushapu ya jeshini, kwenye pushapu mwili wote unanyanyuka kama ubao, hapa mgongo unaning'inia katikati kama machela. Kaa juu sekunde moja mbili, shuka. Rudia mara kumi, kila raundi jaribu kwenda juu kidogo kuliko iliyopita. Mikono ndiyo inafanya kazi, mgongo ni abiria.

Ukimaliza simama, angalia kamstari kako. Kama maumivu yalikuwa kwenye kigimbi na sasa yanaishia gotini, au yamerudi takoni, hiyo ni habari njema, HATA kama kiuno chenyewe sasa kinauma zaidi ya mwanzo. Hapo ndipo watu wanaachia njiani, wanasema zoezi limenizidishia, kumbe maumivu yanapanda kurudi kwao. Ila yakishuka chini ya ule mstari, au ganzi inaongezeka, au mguu unalegea, acha hapo hapo, hili sio lako, nenda kwa mtaalamu akuangalie ana kwa ana. Na mzee wangu wewe ambaye ukitembea kidogo miguu inakuwa mizito mpaka ukae au uiname ndio inaachia, wewe mara nyingi njia ya mishipa ya fahamu mgongoni imekuwa nyembamba, mgongo wako unapenda kuinama, kwa hiyo hili la kupinda nyuma usilifanye, kamwone fiziotherapia, hospitali za rufaa wapo.

Kwa ambao limewakubali, mara kumi kila baada ya saa mbili au tatu, sio mara hamsini asubuhi halafu kesho. Najua boda huwezi kutandika mkeka kijiweni, basi abiria akishashuka na wewe shuka, viganja weka kiunoni vidole vikiangalia chini, miguu imeachana, jipinde nyuma taratibu mara tano mpaka kumi magoti yakiwa yamenyooka. Wenzako watakucheka siku mbili, ya tatu utawakuta na wao wanafanya.

Sasa hili la asubuhi nataka mlishike. Usiku ukilala diski zinanyonya maji, zinajaa, ndio maana asubuhi mtu ni mrefu kuliko jioni, kama sentimita moja hivi. Diski iliyojaa haipendi kukunjwa, na sisi kitu cha kwanza tukiamka ni ufagio wa chelewa, umeinama kama ndoana unafagia uwanja mzima, halafu unashangaa mgongo umekamata. Fungia huo ufagio mpini mrefu, au acha ipite kama saa moja kwanza umeshatembea tembea.

Mikanda ya kiuno, nayo naulizwa kila siku. Miongozo ya WHO ya mwisho wa 2023 kwa maumivu sugu ya kiuno haiipendekezi, inasema mazoezi na kuelimishwa, kwa hiyo hela ya mkanda nunulia mkeka. Kulala kitandani wiki nzima nako hapana. Na kumwambia mtoto akukanyage mgongo, sina hata la kusema.

Mguu ukishatulia kabisa ndio tunaanza kujenga. Piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, shikilia sekunde nane mpaka kumi, badilisha. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Kanada anayechunguza migongo, hili ni moja ya mazoezi yake matatu. Mimi huwa namwambia mtu aweke bakuli la plastiki lenye maji hapa kiunoni, yakimwagika mgongo umeyumba, punguza mwendo. La kwangu leo limemwagika mara mbili mmeona wenyewe, mkeka wa bibi umelowa na saa kumi ndio hiyo, ngoja niuanike upesi.