Namna ya kutambua kama silaha za tamthilia ya makauboi zinalingana na mwaka wa hadithi

Karibu, mtazamaji. Katika video hii tutachukua tamthilia ya makauboi, tutasimamisha picha pale silaha inapochomolewa, kisha tutapima kama silaha hiyo ilikuwa imekwisha kutengenezwa katika mwaka ambao hadithi inadai kutokea. Si lazima uwe umewahi kushika bunduki. Unachohitaji ni picha safi na subira ya kuirudisha nyuma.

Kwanza, utafute mwaka wa hadithi, kwa sababu bila huo hakuna cha kupimia. Usipoandikwa mwanzoni, sikiliza wahusika wanataja nini: Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865, reli ya kuvuka bara ilikamilika mwaka 1869, na Wild Bill Hickok, mpiga bastola mashuhuri, aliuawa katika mji wa Deadwood tarehe 2 Agosti 1876. Andika mwaka huo pembeni.

Sasa simamisha picha kwenye bastola, na utazame juu ya silinda, lile pipa dogo linalozunguka na kubeba risasi. Ikiwa hakuna chuma kinachopita juu yake, huenda unaitazama bastola ya kampuni ya Colt ya mwaka 1851 au ya 1860, bastola ambazo zilishindiliwa baruti na risasi kupitia mbele ya silinda, kila tundu kwa zamu yake, kisha fataki, yaani vikofia vidogo vya kuwashia baruti, zikavishwa kwenye chuchu za nyuma. Kwa kifupi, ni ndugu za gobori. Usikimbilie hukumu, lakini, kwa kuwa Remington za wakati huohuo zilikuwa na chuma juu ya silinda na bado zilitumia fataki. Kwa hiyo telezesha jicho hadi chini ya mtutu: bastola ya fataki ina wenzo wa kushindilia, ilhali Colt maarufu ya mwaka 1873 ina bomba jembamba lenye kijiti cha kusukumia maganda nje, na nyuma ya silinda, upande wa kulia, ina kilango kidogo cha kuingizia risasi.

Hapo ndipo tamthilia nyingi hunaswa. Kampuni ya Smith & Wesson ilishikilia haki za hataza ya silinda iliyotobolewa kutoka mwisho hadi mwisho, ili risasi yenye ganda iingizwe kwa nyuma, na hataza hiyo ilikwisha mwaka 1869, hivyo Colt haikuweza kuuza bastola kubwa ya risasi zenye maganda kabla ya hapo. Hata ilipotoka ile ya 1873, sehemu kubwa ya shehena za mwanzo ilikwenda jeshini. Chukua *Bonanza*, iliyorushwa kuanzia 1959 hadi 1973: visa vyake vimewekwa Nevada katika miaka ya 1860, na bado viunoni mwa wahusika zinaning'inia Colt za 1873. Mimi huwasamehe, kwa kuwa kipindi kile hakikujifanya darasa la historia. Tamthilia inayojitangaza kuwa imefuata historia nukta kwa nukta ndiyo ninayoibana.

Tuhamie kwenye bunduki za wenzo, zile zinazokokiwa kwa kusukuma chuma kilicho chini ya kifyatulio kwenda mbele na kukirudisha. Tazama chini ya mtutu, mahali ambapo mkono wa kushoto hushika. Henry ya mwaka 1860 haina mti hapo, na risasi zake huingizwa kutoka mbele ya bomba. Winchester ya 1866 ina mti, ina tundu la kuingizia risasi ubavuni, na kiwiliwili chake, yaani sehemu ya kati yenye mitambo, kina rangi ya shaba ya manjano. Ile ya 1873 ina kiwiliwili cha chuma chenye bamba kubwa ubavuni ambalo mzunguko wake huonekana wazi, na juu yake kuna kifuniko cha vumbi kinachoteleza. Winchester ya 1892, iliyobuniwa na John Browning, ni fupi na laini ubavuni. Simamisha picha wakati wenzo umefunguliwa, nawe utaona vyuma viwili vya kufungia vikishuka nyuma ya kiwiliwili.

Ukishaijua hiyo ya mwisho, utaanza kuiona kila mahali, hata katika hadithi za miaka ya 1870. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo ghala za studio zilikuwa nazo tele, tena zikiwa bado imara. Studio zilitumia pia risasi baridi, ile inayotoa mlio tu bila kurusha kitu, ya aina moja iliyoingia katika bastola za vipimo vya .38-40, .44-40 na .45 Colt, na vilevile katika bunduki za .38-40 na .44-40, hivyo mtunza silaha alibeba sanduku moja kwa waigizaji wote. Katika *The Rifleman*, hadithi ya miaka ya 1880, Chuck Connors anazungusha Winchester ya 1892 yenye wenzo mpana. Steve McQueen, katika *Wanted: Dead or Alive*, ana bunduki hiyohiyo iliyokatwa mtutu na kitako, na mkandani mwake zimepangwa risasi nene za .45-70 ambazo bunduki ile isingeweza kuzimeza. Ziliwekwa kwa sababu zinapendeza machoni. Wengine walifika mbali zaidi, wakaing'oa mti wa mbele na kupaka kiwiliwili rangi ya shaba ili ipite kama Henry, na hapo vile vyuma viwili vya nyuma ndivyo vitakavyoifichua.

Baada ya umbo, angalia matumizi. Colt ya 1873 hukokiwa kwa kidole gumba kabla ya kila mlio, kwa hiyo mhusika akifyatua mfululizo bila kuigusa nyundo, kile chuma cha nyuma kinachovutwa kwa gumba, anapaswa kuwa na bastola ya aina nyingine, kwa mfano Colt ya 1877, ya kwanza ya kampuni hiyo kujikoki kwa kuvutwa kifyatulio. Angalia na moshi: baruti nyeusi hutoa wingu zito jeupe, na Winchester ilianza kuuza risasi ya .30-30 yenye baruti isiyo na moshi mwaka 1895 tu.

Mwisho, hesabu milio. Silinda ina matundu sita, lakini watu waangalifu walijaza matano na kuilaza nyundo juu ya tundu tupu, ili bastola isijifyatue ikianguka au ikigongwa.