Herufi Ndogo za Chini ya Barua

Hamjambo, wanangu. Mwalimu wenu ameniambia kwamba wiki ijayo mtaanza kupanga majalada ya zamani, akaniomba nije niwaeleze yalivyokuwa yakijazwa. Nilipiga chapa hapa Nairobi tangu mwaka 1973 hadi kompyuta zilipotukuta kazini, kwanza kwa mawakili, baadaye shuleni. Nina ombi moja leo, na nitaanza nalo. Mkiishika barua ya zamani, msiishie kwenye sahihi. Shukeni chini kabisa, pembe ya kushoto. Mtakuta herufi kubwa mbili tatu, alama ya mkwaju, kisha herufi ndogo. Zile kubwa ni za bwana aliyeitamka barua. Zile ndogo ni za aliyeipiga.

Herufi ndogo zilikuwa dhamana. Shamba la ekari 4 likiandikwa ekari 14, hakuna aliyeilaumu mashine. Walitazama pale chini, wakakuita. Kwa hiyo tulisoma. Siku hizi ukurasa hupita kwenye fotokopi bila jicho la mtu kuugusa, lakini sisi kila nakala tuliipitia kwa vidole, neno kwa neno. Kulikuwa na kesi ya mirathi ambayo niliijua kuliko ndugu waliokuwa wakishtakiana, na sikumwambia mtu, hata mama yangu.

Kaboni mmeisikia? Ni karatasi nyembamba yenye wino upande mmoja. Mwingereza Ralph Wedgwood aliipatia hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1806, kabla taipureta hazijaanza kuuzwa madukani. Hati ya kiapo ilihitaji nakala ya mahakama, ya upande wa pili, ya mteja na ya jalada letu. Hizo ni karatasi nne na kaboni tatu katikati, zote zimeviringishwa kwenye rola mara moja. Ukipiga kwa woga, nakala ya nne inatoka kama ukungu. Ukikosea herufi moja, unaifuta kwenye karatasi zote nne, moja baada ya nyingine, huku umechomeka kipande cha karatasi nyuma ya kila moja ili usichafue ya chini yake. Hati ya kiapo haikuvumilia doa, maana doa kwenye tarakimu lilizua swali mahakamani.

Jioni moja nilipiga kurasa kumi na moja, nikazichomoa, na kumbe kaboni nilikuwa nimezigeuza. Karatasi za chini zilikuwa nyeupe tupu, na maneno yamejichapa kinyumenyume migongoni mwa zile za juu. Hati ilitakiwa mahakamani asubuhi. Mhazili mkubwa wa ofisi ile, mama aliyekuwa na hati mkato, yale maandishi ya alama ya kufuata usemi, kama maji yatiririkayo, alikuwa ameshavaa koti lake. Alilivua. Akakaa mashine ya pili, akachukua kurasa za nyuma, mimi za mbele. Tulipomaliza, basi la mwisho la kwenda mtaa wa Jericho lilikuwa limeondoka, nikalala kwake. Kurasa zake alizitia herufi ndogo zake na zangu nikatia zangu, na mkiliona jalada hilo siku moja, mtajua ni wapi mkono mmoja uliishia na ni wapi mwingine ulianza.

Jambo jingine ambalo halisemwi. Herufi za taipureta zilipangwa Marekani na Christopher Sholes na wenzake, kwa maneno ya Kiingereza. Herufi *a* waliiweka chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Sasa hebu piga "wanawake hawakatazwi kupanda". Kiswahili kinaishi kwa *a*! Mwaka 1974 Kiswahili kilipoanza kutumika Bungeni, barua za Kiswahili ziliongezeka mezani kwangu, na kidole hicho kiliuma usiku. Nakala hafifu ya Kiswahili utaijua kwa *a* zake zilizofifia. Nami naupenda ukurasa ule, kwa sababu lugha yetu inaonekana ikiisukuma mashine ambayo haikutengenezewa.

Shuleni tulikuwa na saiklostaili, mashine ya Gestetner ya kutoa nakala nyingi. Unaondoa utepe wa wino wa taipureta usiguse, unapiga moja kwa moja kwenye stensili, karatasi yenye nta, ili herufi zitoboe. Ukiigonga *o* kwa nguvu, kiduara kizima kinadondoka na wino unavuja. Kosa hufunikwa kwa dawa nyekundu yenye harufu kama ya rangi ya kucha. Kisha stensili inavalishwa kwenye pipa, na mkono unazungusha mpini, mtihani baada ya mtihani. Stensili iliyotumika tuliichoma, kwani mwanafunzi akiinua kwenye mwanga anasoma maswali yote.

Mpini huo huo ulitia watu jela. Miaka ya 1980 kupatikana na karatasi iliyohesabiwa kuwa ya uchochezi kulitosha, na sheria hiyo iliondolewa mwaka 1997. Karatasi hizo hazina herufi ndogo chini. Mkizikuta, pengo hilo nalo liandikeni.

Sina ugomvi na fotokopi. Chester Carlson, aliyeivumbua mwaka 1938, alifanya kazi ya hataza, na alichoka kunakili kwa mkono. Alikuwa mmoja wetu. Lakini mkumbuke kwamba barua iliyotiwa sahihi ndiyo iliyotumwa. Iliyobaki ofisini ni kaboni, na mara nyingi haina sahihi yoyote. Mtu pekee aliyebaki kwenye karatasi ile ni yule wa herufi ndogo. Mtakapoandika orodha zenu, safu ya "mwandishi" mtaijaza jina la bwana, sawa. Ongezeni safu ya pili.

Taipureta ile pale mezani bado inafanya kazi, nimeitia mafuta jana. Njoo, binti wa mbele. Chukua karatasi mbili na kaboni moja. Upande wenye wino utazame karatasi ya nyuma. Hapana, geuza. Hivyo. Sasa viringisha, na kabla ya neno lolote, shuka chini kushoto uniandikie herufi zako.