Sheria Ije Kabla ya Salfa
Mhadhara kwa wafanyabiashara, Mtwara

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa viongozi wa vyama vya ushirika, wazee wangu, na ndugu zangu wafanyabiashara mliofunga maduka yenu ili kuja hapa.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili katika kumbi nyingine, na sioni haya kulirudia kwa sababu bado halijafanyiwa kazi. Ninachodai ni kwamba katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi sheria na kanuni zinaumiza biashara zetu zinazotegemea korosho kwa wakati zinapofika, kuliko kwa uzito wa yaliyomo ndani yake. Mfanyabiashara anaweza kuibeba kodi nzito akiijua mapema, kwa kuwa ataiingiza katika hesabu ya bei, ataitafutia mtaji, au ataamua msimu huo apumzike. Kodi nyepesi ikimkuta mzigo umeshapakiwa na mkopo umeshachukuliwa, inaweza kumfilisi kabla hajapata hata nafasi ya kuuliza.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na Sheria ya Fedha huanza kutumika siku hiyo hiyo, baada ya kujadiliwa Dodoma mwezi Juni. Mwaka wetu sisi hauanzi Julai. Ifikapo Julai mashamba yameshapaliliwa, mikorosho inachanua, na salfa, yaani dawa ya unga ya kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, imeshanunuliwa, nyingi yake kwa mkopo. Mwenye ghala ameshasaini mkataba, mwenye malori ameshapeleka magari gereji, na mwenye duka ameshaagiza mabati na pikipiki akitegemea fedha za minada inayofunguliwa Oktoba. Kwa hiyo mabadiliko ya Julai hutukuta fedha zetu ziko nje zote, na njia ya kuzirudisha ni kusubiri korosho zianguke chini ya mti.

Mwaka 2018 unalithibitisha jambo hili kuliko maelezo yangu yoyote, na nitaomba mnivumilie nikae nao kwa kitambo.

Msimu uliotangulia, yaani 2017/18, nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 na bei katika baadhi ya minada ilikaribia shilingi 4,000 kwa kilo. Kila mtu hapa anaikumbuka hali ya miji yetu wakati ule, kuanzia Newala na Tandahimba hadi Ruangwa. Juni 2018 Bunge likarekebisha sheria kuhusu ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi, ule wa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Hadi hapo asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa inarudi kuliendeleza zao lenyewe: pembejeo, miche na utafiti, ukiwamo ule wa Naliendele ambao ni mita chache tu kutoka barabara tunayopita kila siku. Baada ya marekebisho, ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu, na hoja zao zimo katika kumbukumbu za Bunge. Mimi sitabishana leo kama Hazina ilikuwa na haki au haikuwa nayo. Ninauliza tu: wakala wa pembejeo aliyekopesha salfa mwezi Mei, akijua kuna mfuko nyuma ya zao hili, alipewa muda gani wa kupanga upya hesabu zake? Hakupewa muda wowote, kwa sababu salfa yake ilikuwa imeshapulizwa mitini.

Ikaja Oktoba. Minada ikafunguliwa, bei zilizotolewa zikawa chini ya shilingi 3,000, nyingine chini sana ya hapo, na wakulima wakazikataa. Novemba serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi yakaingia kazini kuzisomba. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, na bei ile ilikuwa bora kuliko zile zilizokataliwa. Ninalisema hilo bila kumung'unya maneno. Lakini ndani ya siku chache, wanunuzi waliokuwa na leseni, mikataba ya maghala, magunia na mikopo ya benki walijikuta hawana biashara ya kufanya. Ukaja uhakiki wa wakulima, wenye lengo halali la kuwazuia wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa mkulima kinyemela kwa bei ya kutupa, wasilipwe kwa jasho la watu wengine, nao ukachukua wiki na miezi. Malipo yakaingia mwaka 2019 bila kukamilika.

Sasa mtazameni mtu ambaye hakutajwa katika tangazo lolote. Ninamfahamu mwenye duka mmoja wa vifaa vya ujenzi katika wilaya mojawapo ya mkoa huu. Daftari lake la madeni la msimu ule ninalo sura yake kichwani: upande wa kushoto jina la mteja na kitongoji chake, katikati idadi ya mabati au mifuko ya saruji, na upande wa kulia neno moja, “korosho”, lililokuwa ndiyo tarehe ya kulipa. Ukurasa baada ya ukurasa, tarehe ya kulipa ni “korosho”. Yeye hakununua hata kilo moja ya korosho, hakuwa mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, wala hakuna kanuni hata moja ya msimu ule iliyoandikwa kwa ajili yake. Hata hivyo alidaiwa na msambazaji wake wa mjini, akadaiwa kodi ya pango, na akawaondoa vijana wawili waliokuwa wakipakia mizigo nje ya duka. Tunapopima athari za sheria kwa biashara, tunawapima waliotajwa ndani ya sheria, na watu kama huyu hawahesabiwi kabisa. Jambo hilo linanikera, na litaendelea kunikera hadi litakaporekebishwa.

Najua lipo jibu linalotolewa kila mara, kwamba serikali haiwezi kuendesha nchi kwa kufuata msimu wa kila zao, kwa maana tumbaku ina wakati wake, pamba wake na kahawa wake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama sheria zetu zingekuwa hazijui kusubiri. Zinajua. Bunge linaweza kupitisha sheria na kumwachia Waziri atangaze tarehe ya kuanza kutumika katika Gazeti la Serikali, na limefanya hivyo mara nyingi. Hakuna kinachozuia kifungu kinachohusu zao la korosho kipitishwe Juni na kuanza kutumika baada ya minada ya msimu ule kufungwa, ili atakayekopesha salfa msimu unaofuata akopeshe akiwa ameshakisoma.

Wengine huniambia kwamba kumbe ninachotaka ni soko lisilo na sheria. Hao hawanisikilizi. Stakabadhi ghalani, mfumo ambao mkulima huweka korosho ghalani, hupewa stakabadhi, na mzigo huuzwa mnadani, ni zao la sheria, tena sheria iliyotufaa. Kabla yake mnunuzi alikuja kijijini na mizani yake na bei yake, na mkulima mwenye shida ya ada ya shule hakuwa na pa kukimbilia. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilipitishwa mwaka 2005, na mfumo ukaanza kutumika kwenye korosho hapa Mtwara msimu wa 2007/08. Kati ya hapo palikuwa na nafasi ya kuandaa maghala, ya mabenki kuelewa kwamba stakabadhi inaweza kuwa dhamana ya mkopo, na ya ushirika kujifunza kazi mpya. Upinzani ulikuwapo, na kasoro za makato na ucheleweshaji wa malipo tunazijua sote, lakini mfumo umesimama hadi leo.

Kipimo hiki nakitumia hata kwa yale yanayotupendelea. Agizo la msimu wa 2023/24 kwamba korosho isafirishwe kupitia Bandari ya Mtwara lilitupa kazi sisi wa hapa, kuanzia makuli hadi mawakala wa forodha, na nililiunga mkono, kwa sababu hakuna maana ya kupanua bandari kisha mzigo ukaipita kwa barabara kwenda Dar es Salaam. Lakini makontena matupu hayaji kwa sababu agizo limetoka. Meli hupangwa miezi mingi kabla, na siku ambazo mzigo ulisubiri makontena ziliingia katika gharama za mnunuzi, ambaye huzifidia katika bei anayotoa mnadani.

Upo pia ucheleweshaji wa upande wa pili, pale nafuu inapopitishwa na isifike. Mwaka 2017 ushuru wa mazao wa halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa unapotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Baada ya hapo nimesimama kwenye geti la ushuru, ambalo sitalitaja, nikamwona mama mwenye magunia matatu ya makopa, yaani mihogo mikavu, juu ya bajaji akidaiwa alipie. Kijana wa geti hakuwa mwizi; alitoa kitabu cha stakabadhi na alikuwa tayari kumwandikia. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Yule mama alilipa, kwa sababu bajaji ilikuwa inamhesabia muda.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nitapita haraka. Ushuru wa huduma unatozwa kwenye mauzo na haujali kama umepata faida, na katika mwaka wa minada mibovu hilo ni suala zito linalostahili kikao chake. Vikundi vya akina mama wabanguaji vilihamishwa mwaka 2019 kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS) katika usajili wa vyakula, na nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu majalada yao, lakini nitazungumza nao pembeni. Gesi ya Mnazi Bay na kanuni za kuwashirikisha wazawa sitazigusa leo.

Ombi langu kwenu ni la kazi. Kamati za Bunge hupokea maoni kuhusu Muswada wa Fedha mwezi Juni, na sisi huanza kuandika muswada ukiwa umeshasomwa. Safari hii tuandike sasa. Kila mmoja aeleze kwa karatasi moja ni badiliko gani la sheria au kanuni lililomkuta katikati ya msimu, tarehe aliyolisikia, na fedha alizokuwa ameshazitoa siku hiyo. Msiandike malalamiko ya jumla. Andikeni tarehe na kiasi. Katibu wetu atazipokea hadi Ijumaa ya wiki ijayo, na wenye maghala na maduka ya vijijini ninawaomba muwe wa kwanza.