Namna Injini ya Petroli Inavyosikia Kugonga na Kurekebisha Cheche

Ndugu wanafunzi na mafundi, injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, krenkshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, hupita digrii 18 katika kila elfu moja ya sekunde. Kwa kuwa petroli na hewa huchukua muda kuungua, plagi hulazimika kutoa cheche kabla pistoni haijafika juu, ili msukumo mkubwa kabisa uikute imekwisha kuanza kushuka, kiasi cha digrii 15 baada ya kilele. Cheche ikichelewa, nguvu hupotelea kwenye ekzosi. Ikiwahi mno, mchanganyiko ambao moto haujaufikia hubanwa na kupata joto hadi ukalipuka wenyewe. Huko ndiko kugonga, na kukizidi hutoboa pistoni.

Sensa ya kugonga, yaani kifaa kinachohisi mtetemo huo, hufungwa kwenye bloku, mwili wa injini wenye silinda, na ndani yake mna kipande cha kauri kinachozalisha umeme mdogo kikitikiswa. Tatizo ni kwamba bloku hutikisika muda wote, valvu zikifunga na pistoni zikipiga kuta. Kwa hiyo kompyuta ya injini husikiliza kwa kipindi kifupi tu, pistoni inaposhuka baada ya cheche, na kwa kuwa inajua zamu ya kila silinda, huitambua iliyogonga. Tena huchuja sauti: silinda yenye kipenyo cha milimita 86 hugonga kwa mitetemo kati ya 6,000 na 7,000 kwa sekunde, na iliyo nyembamba hulia juu zaidi. Kinachobaki hulinganishwa na kelele ya kawaida ya silinda hiyohiyo.

Kugonga kukithibitika, cheche ya silinda hiyo huchelewishwa papo hapo, mara nyingi kwa digrii 2 au 3, kisha hurudishwa mbele kidogo kidogo. Hapa naomba tuelewane vizuri: sensa haizuii kugonga kwa kwanza, inazuia kule kutakakofuata. Injini huendeshwa karibu na ukingo huo kwa makusudi, maana huko ndiko petroli hutoa kazi nyingi zaidi.

Ndiyo maana boliti ya sensa, ambayo kwa aina nyingi hukazwa kwa nyutoni-mita 20, haifai kukazwa kwa kukisia, wala kuwekewa washa, wala kufungwa juu ya kutu. Ikilegea, mtetemo haufiki, na kompyuta hudhani injini ni salama. Waya ukikatika, kompyuta huandika msimbo wa kosa P0325, yaani hitilafu ya saketi ya sensa ya kugonga, na kuchelewesha cheche kwa tahadhari. Gari huwa zito mlimani na hula mafuta, huku plagi na pampu zikibadilishwa bure.